GARI LA SHAMBA: PIMA MZIGO NA NJIA KABLA YA KUFUNGUA MFUKO

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya kikundi cha wakulima hapa Mtwapa. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili na wale ambao hawakuweza kufika wapate kusoma.)

Nimeambiwa nisiwe mrefu kwa sababu baada yangu mna hesabu ya pesa, na kazi ya kuhesabu pesa haitaki watu waliochoka. Basi nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe.

Kikundi hiki kimeweka akiba kwa muda mrefu. Ni pesa za nazi, muhogo, maembe na mboga. Haba na haba hujaza kibaba, na sasa kibaba kimejaa. Mwataka kununua chombo cha kusaidia kazi za shamba. Wako wanaosema tununue ile pikipiki ya magurudumu manne, ambayo watu wengi huiita kwadi, kwa kuwa imepatikana moja iliyotumika na mwenyewe ana haraka ya kuiuza. Wako wanaotaka tuktuk ya mizigo. Mzee mmoja amesema punda, na vijana wakamcheka. Na kijana mwingine ameniuliza pale mlangoni kama kwadi yafaa pia kwa kuwinda.

Yote nitayajibu. Lakini sikuja kuwachagulia. Nimekuja kuwapa njia ya kuchagua, maana pesa ni zenu, na chombo kikilala kwenye gereji, hasara si yangu.

Shikeni neno moja tu: chombo cha shamba kinachaguliwa na mzigo, na njia, na fundi. Macho yasipewe kura.

KWANZA: MZIGO WENU NI KILO NGAPI?

Ukimuuliza mkulima hubeba nini, atasema, "Aa, vitu vingi." Sasa, vingi si kipimo. Tupime.

Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20, tena bila uzito wa mtungi wenyewe. Mitungi 10 ni kilo 200. Gunia la mahindi ni kilo 90. Nazi ikiwa bado na makumbi yake hupita kilo moja, kwa hivyo nazi 300 ni zaidi ya kilo 300. Halafu iko samadi, ambayo watu huisahau kwa kuwa haiuzwi sokoni, na kumbe ndiyo mzigo mkubwa kuliko yote.

Tuchukue mfano. Mna shamba la ekari 2 na mwataka kulipelekea tani 4 za samadi kabla ya mvua za masika. Tani 4 ni kilo 4,000. Hebu tuone ni safari ngapi:

- Pikipiki ya kawaida, ikibeba kilo 80: safari 50.
- Punda mmoja na gari lake, kilo 300 kwenye njia tambarare: safari 14.
- Kwadi yenye trela ya kilo 300: safari 14.
- Tuktuk ya mizigo, kilo 500: safari 8.
- Pikapu ya tani moja: safari 4.

Mmeona? Kwadi na punda wamefungana. Yule mzee hakusema upuzi. Tofauti yao ni mwendo, na mwendo una faida shamba likiwa mbali. Lakini kama samadi iko boma la ng'ombe na shamba liko mita 300 kutoka hapo, muda mwingi unaishia kwenye kupakia na kupakua. Kazi hiyo ni ya koleo na mikono, haina injini.

Na msidanganyike na keria za kwadi. Ni za chuma na zaonekana imara, lakini kwa kawaida keria ya mbele imetengenezwa ibebe kilo 30 hadi 45, na ya nyuma kilo 60 hadi 90. Yaani gunia moja la mahindi laweza kuwa limeshapita kipimo. Kazi kubwa ya kwadi ni kuvuta, na trela hainunuliwi kwa bei ya kwadi. Ni pesa nyingine. Ulizeni kabla.

PILI: NJIA YENU IKOJE?

Pwani yetu ina udongo wa namna nyingi katika mwendo mfupi. Karibu na bahari ni mchanga na mawe ya matumbawe. Ukipanda kuelekea bara wakutana na udongo mwekundu, na mahali pengine ule mweusi wa kunata ambao mvua ikinyesha washika kiatu na kukataa kukirudisha.

Hapa kwadi ina sifa zake, na lazima niseme haki. Tairi zake ni pana na hutiwa upepo kidogo sana, pauni 4 hadi 7 hivi, wakati pikipiki ya kawaida hutiwa pauni 28 na zaidi. Tairi pana yenye upepo kidogo hulala juu ya mchanga, haizami. Na kama ni ile inayovuta magurudumu yote manne, itapita mahali ambapo tuktuk itakaa ikichimba kaburi lake. Tuktuk ina gurudumu dogo mbele na huvuta kwa nyuma tu. Kwenye mchanga mwingi ni mateso.

Lakini tairi hizo laini zina adui: miiba. Wenzetu wa upande wa Ganze na Bamba wanaijua miiba ya huko. Kwenye njia ya miiba, bila vifaa vya kuziba na pampu, utarudi nyumbani kwa miguu.

Basi fanyeni hivi. Baada ya mvua kubwa, tembeeni njia yote kwa miguu, kutoka shambani hadi barabara ya lami. Kila mahali pabaya, hesabuni hatua. Mkimaliza, jumlisheni. Mara nyingi mtakuta kwamba katika kilomita mbili za njia, pabaya kweli kweli ni hatua 50 au 60 tu. Sasa nawauliza: mtanunua mashine ya mamia ya maelfu ya shilingi ili ivuke hatua 60? Hapa kwetu machimbo ya mawe ya kuchonga yako mengi, na kifusi chake watu hukitupa. Harambee ya siku mbili, kifusi, na mtaro wa kutoa maji, njia imepona. Na njia ikipona, kila chombo hupita: cha kwenu, cha jirani, hata gari la kumpeleka mgonjwa hospitali.

Usinunue mashine ya kuvuka shimo ambalo waweza kuliziba.

TATU: KWADI NI MNYAMA GANI?

Wengi wetu twaijua kwadi kwa kuwaona watalii wakiiendesha, basi twaiona kama mchezo. Tuijue vizuri.

Kampuni ya Honda ya Japani ilianza kuuza chombo cha namna hii mwaka 1970, nacho kilikuwa na magurudumu matatu. Kilipendwa sana Marekani, lakini kilipindua watu wengi na kuwaua, watoto wakiwemo. Mwaka 1988 watengenezaji walikubaliana na Serikali ya Marekani kupitia mahakama kwamba hawatauza tena vipya vya magurudumu matatu. Wakati huo ya magurudumu manne yalikuwa yameshaingia sokoni, kuanzia Suzuki mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Je, magurudumu manne yalimaliza hatari? La. Chombo ni kifupi, kimeinuka, na chaweza kuwa na uzito wa kilo 250 hadi 350. Kikipinduka kwenye mteremko humlalia mwendeshaji. Huko Australia, ambako wakulima wanazitumia kila siku kuchunga kondoo na ng'ombe, vifo vilikuwa vingi hata Serikali ikaweka sheria: tangu Oktoba 2021 kwadi mpya za kazi haziuzwi bila chuma cha kumkinga mwendeshaji inapopinduka. Sasa jiulizeni, hii iliyotumika mnayotaka kuuziwa, ina chuma hicho?

Na jambo hili vijana mlisikie vizuri. Kiti cha kwadi ni kirefu, lakini si kwa ajili ya abiria. Kimefanywa kirefu ili mwendeshaji asogeze mwili wake mbele anapopanda, nyuma anaposhuka, na kando anapokata kona. Mwili wake ndio usukani wa pili. Ukimpakia mwenzako nyuma umeuondoa usukani huo. Hapa kwetu, ambapo pikipiki hubeba mama, mtoto, na gunia juu yake, nani atamkataza mtu asipande? Na mtoto wa chini ya miaka 16 asiiendeshe kabisa kwadi ya mtu mzima. Kofia ngumu ni lazima hata kama ni shambani.

NNE: JUU YA KUWINDA

Kijana aliyeniuliza, nakushukuru kwa kuuliza waziwazi. Jibu ni fupi. Hapa Kenya kuwinda wanyama pori kulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka adhabu za faini na jela. Haijalishi ni ndovu au ni paa mdogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Kikundi kikikamatwa na nyama kwenye trela, chombo chenyewe chaweza kuchukuliwa, na akiba yenu yote ikaenda nacho. Mwenye ndugu Tanzania asije akasema, "Mbona kule wanawinda?" Kule kuna uwindaji wa leseni na sheria yake. Sisi tuko hapa.

Wala kuwinda hakujapata kutaka mashine. Ndugu zetu Waata wa bara walisifika kwa upinde mzito na mshale wa sumu uliomwangusha ndovu, nao walikwenda kwa miguu. Mwaka 1960 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango kule Galana ili wawinde kwa kibali. Hiyo sasa ni historia.

Lakini nalileta jambo hili kwa sababu nyingine. Kwadi nyingi zinatangazwa huko nje kwa ajili ya wawindaji. Zapakwa rangi ya majani kama nguo za askari, zawekwa mahali pa kushika bunduki, zapewa injini ya mwendo wa kasi. Vyote hivyo vina bei. Mkulima wa Mtwapa akinunua chombo hicho, amelipia bunduki ambayo hana na paa ambaye haruhusiwi kumgusa. Kinachomfaa mkulima ni gia ya nguvu kwa mwendo wa polepole, breki nzuri, rivasi, na mahali imara pa kufungia trela.

Na kama shida yenu ni nyani na nguruwe wanaokula muhogo, toeni ripoti kwa KWS. Sheria hiyo ya 2013 inatambua fidia ya mazao, lakini kwa wanyama walioorodheshwa tu, basi ulizeni kwanza kama nyani na nguruwe wamo. Najua mtasema fidia huchelewa. Ni kweli, lakini isiyoripotiwa haiji kabisa.

TANO: VYOMBO VINGINE

Tuktuk. Wenyeji wa Mombasa na Malindi wanaijua vizuri. Asili yake ni Italia, ambako kampuni ya Piaggio ilitoa ya kwanza mwaka 1948 na kuiita Ape, maana yake nyuki, kwa sababu ya kazi. Ile ya kwanza ilibeba kilo 200. Za mizigo za siku hizi hubeba karibu nusu tani. Faida yake kubwa ni kwamba mzigo unatoka shambani na kufika sokoni Kongowea bila kupakuliwa njiani. Ubaya wake ni mchanga, na kona: ukiikatisha kwa kasi ikiwa imejaa, hulala ubavu.

Pikipiki. Ni nyepesi, spea ziko kila duka. Kwa mbegu, dawa na mboga chache yatosha. Lakini imetengenezwa kubeba watu wawili, haikutengenezwa kubeba samadi.

Punda. Hali mafuta ya petroli na hurudi nyumbani peke yake. Lakini si mashine ya bure. Ataka maji, malisho, kivuli, daktari wa mifugo, kukatwa kwato, na lijamu na hatamu zisizomchubua. Gari lake liwe na tairi na bearingi nzuri. Kikundi ambacho hakina mtu wa kumtunza kila siku, Jumapili na sikukuu pia, kisinunue punda.

Pikapu ya kukodi. Hii watu huisahau. Kama mavuno makubwa ni mara mbili au tatu kwa mwaka, kodini pikapu siku hizo. Chombo cha kukodi hakina tairi za kununua wala bima ya kulipa.

SITA: FUNDI YUKO WAPI?

Kabla ya kumuuliza mwenye kuuza, muulizeni fundi wa hapa Mtwapa: "Chombo hiki unakijua? Spea zake wapata wapi, na kwa siku ngapi?" Akisema tuktuk, atakuonyesha duka. Akisema kwadi, huenda akaanza kukuna kichwa. Chombo kinachongoja spea miezi miwili katika msimu wa kupanda ni sawa na chombo kisichokuwapo.

Mkitaka kwenda kuiona hiyo kwadi, nendeni na fundi wenu, si wa mwenye kuuza. Iwashwe ikiwa baridi. Moshi wa buluu maana yake injini yala oili. Fungueni oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Inueni magurudumu, yatikiseni. Yakicheza, bearingi zimekwisha. Jaribuni rivasi na magurudumu yote manne. Nambari ya fremu ilingane na ya karatasi. Na zaidi ya yote, kama iliendeshwa ufuoni, tazameni chini yake. Maji ya chumvi hula fremu, breki na nyaya, na juu rangi yaweza kubaki inang'aa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwenye haraka ya kuuza asiwatie nanyi haraka ya kununua.

SABA: NANI ATAKIENDESHA?

Hapa ndipo nataka tusikilizane. Nimeona katika daftari lenu kwamba wanachama wengi ni akina mama. Ndio wanaoamka alfajiri kuteka maji, na mtungi wa kilo 20 uko kichwani. Mkinunua chombo ambacho vijana watatu tu ndio wanaoweza kukiendesha, basi pesa za akina mama zimewanunulia vijana usafiri, na mtungi utabaki palepale kichwani. Sisemi vijana ni wabaya. Nasema kabla ya kununua, andikeni majina ya watakaofundishwa, na angalau nusu yao wawe akina mama. Chombo ambacho mama hawezi kukiendesha wala hataruhusiwa, kikundi hiki kisikinunue.

Halafu sheria. Chombo kikitoka shambani na kuingia barabarani, sheria ya Kenya yataka bima ya kulipia watu wengine watakaoumia, na dereva awe na leseni ya chombo cha aina hiyo. Nendeni NTSA mkaulize kuhusu usajili kabla ya kulipa, wala si baada. Na barabara hii yetu ya Mombasa kwenda Malindi mnaijua. Si mahali pa kwadi kushindana na malori na matatu.

Umiliki uandikwe kwa jina la kikundi, usiandikwe kwa jina la mwenyekiti. Samahani, mwenyekiti, nasema kwa wema. Na pawe na daftari: safari, mafuta, matengenezo, nani alikichukua na saa ngapi alikirudisha. Mali bila daftari hupotea bila habari.

SASA MFANYE NINI?

Msinunue chochote wiki hii. Kabla ya mkutano ujao fanyeni mambo manne. Moja, kila mwanachama aandike alichobeba kwa siku saba, kwa kilo na kwa umbali. Mbili, watu watano watembee njia na kuhesabu hatua mbaya. Tatu, wawili wakamwone fundi na duka la spea. Nne, kodini tuktuk ya mizigo siku moja na gari la punda siku ya pili, mfanye kazi ileile, mwandike gharama na saa.

Maoni yangu, kwa kuwa mmeniuliza: kwa mashamba madogo ya huku, Mtwapa, Junju hadi Vipingo, naona kutengeneza njia, mkokoteni au punda wa ndani ya shamba, na tuktuk au pikapu ya kukodi kwenda sokoni, kutawatosha kwa muda mrefu. Kwadi ina mahali pake: ranchi kubwa yenye kilomita za ua wa kukagua, mchanga mwingi, na mtu mmoja aliyefundishwa. Lakini mkishapima na vipimo vikanipinga, fuateni vipimo, msinifuate mimi.

Mwenye swali na aulize. Yule mzee wa punda aanze, maana amengoja kwa subira.